Udongo Wenye Jina

Nilifika Bogor wiki tatu baada ya ua.
Kibao kilikuwepo, kimechomekwa ardhini:
jina la Kilatini, jina la kisiwa, mwaka wa kupandwa.
Nyuma ya kibao, udongo.
Kamba nne kuuzunguka, kama kaburi la mtu wa heshima,
na sisimizi mmoja akivuka kamba bila tiketi.

Nilikuwa nimedunduliza miezi kumi na minne,
nimebadili ndege mara mbili,
nimetafuna mkate wa uwanja wa ndege, mkavu kama sponji,
ili nilione ua refu kuliko mlango wa nyumba yetu,
linalojikusanya miaka na miaka gizani
kisha likachanua usiku mmoja,
likanuka mzoga, likaita nzi, likaanguka.
Nami nilikuwa nzi wa mwisho,
nimefika, sahani zimeshaoshwa.

Nikapiga picha udongo.
Ningefanya nini?

Bi Entin alikuwa akifagia chini ya mikenari,
fagio la njiti mkononi, mkono wa pili kiunoni.
Aliniona. Alicheka mpaka akaegemea fagio.
Kisha akaniita kwa kiganja kilichotazama chini,
kama mtu anayempapasa mtoto asiyeonekana.

Lugha yake sikuijua, yangu hakuwahi kuisikia,
lakini yapo maneno yaliyosafiri kabla yetu
yakapitia kwao, yakapitia kwetu:
*kabar*, akasema, nami, *habari*;
*waktu*, nami, *wakati*;
*selamat*, nami, *salama*.
Palipokosekana neno, fagio lilisema.

Lilikuwa refu hivi: fagio juu ya kichwa.
Lilifunguka hivi: kanga ya kichwani akaivua, akaitandaza.
Usiku ule alikuwa amemletea mwanawe Kosim,
mlinzi wa zamu, wali na tempe.
Hawakula.
Walitafuta panya aliyekufa chini ya meza,
wakatafuta ndani ya buti za Kosim,
wakamsingizia paka.
Ndipo tochi ikalipata.

Kabla ya mkurugenzi, kabla ya kamera,
kabla ya watoto wa shule waliopangwa mstari wakibana pua,
walikuwa wawili tu, mama na mwana,
na chakula kinapoa.
Nikamwuliza kwa nyusi: zuri?
Akafikiri. Akabana pua.
Akaweka mkono kifuani.

Nilikuwa na orodha: mitende ya kila umbo,
jani la yungiyungi pana kama sinia la pilau,
nyumba ya okidi, mizizi iliyosimama kama kuta.
Niliviona vyote, mbiombio, kama mtu anayelipa deni.
Nilichosimamia sana hakikuwa na kibao:
mtaroni, nyuma ya banda la mbolea,
masikio ya tembo, ya kijani, yamebeba maji bila kulowa.

"Magimbi!" nilipiga kelele.
"*Talas*," akasema Bi Entin,
asielewe kimenifurahisha nini.
Kisha akaelekeza fagio kule kwenye kamba nne,
akalirudisha mtaroni,
akashikanisha vidole vyake viwili vya shahada:
ukoo mmoja.
Mmoja huzungushiwa kamba akiwa hayupo.
Mwingine huchemshwa.

Saa tisa mvua ikaanguka, kama inavyoanguka pale kila siku,
bila kubisha hodi.
Langoni kijana alifungua sufuria,
mvuke ukatoka na harufu ya jikoni kwetu Ijumaa.
Nilinunua vipande vinne kwenye karatasi.

Kwenye treni ya Jakarta nilisimama, nimelowa mpaka soksi.
Mzee mmoja akanionyesha simu yake: ua, limechanua,
watu wadogo wamelizunguka.
Umeliona? macho yake yaliuliza.
Nilitikisa kichwa, kinywa kimejaa,
na sijui alielewa ndiyo au hapana.

Ile picha bado ninayo.
Watu huniuliza, ulipiga nini hapa, kidole kiliteleza?
Huwaambia: ikuze kidogo. Zaidi.
Pale, kwenye kamba.
Unamwona sisimizi?